Kuutambua Mtandamboo na Kuutofautisha na Msunguti

Mtandamboo ni mti mfupi wa asili wa Afrika Mashariki, unaoota vichakani, nyikani na pembezoni mwa misitu mikavu. Maua yake ni meupe yenye wekundu kwa nje, hunukia vizuri, na matunda yake yaliyoiva, yenye rangi ya zambarau iliyokoza, huliwa. Lakini katika maeneo kama hayo huota pia jamaa yake, msunguti, ambao Wagiriama na Wakamba waliuchemsha kupata sumu ya mishale. Sumu hiyo husimamisha moyo.

Maua ya miti hii hufanana, utomvu wa yote miwili ni mweupe, na matunda hukaribiana rangi. Tofauti iliyo wazi ni miiba: mtandamboo una miiba migumu iliyonyooka, msunguti hauna kabisa.

Mizizi ya mtandamboo huuzwa kama dawa, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwani kipande cha mzizi hakina mwiba wala jani. Mnunuzi asiyemfahamu aliyeuchimba asinunue. Anayetapika au kuhisi moyo ukipiga ovyo baada ya kuutumia apelekwe hospitali mara moja, na kipande kilichobaki kichukuliwe pamoja naye.