Soko la wachezaji Bujumbura: pesa iko kwa wanaoondoka

Dirisha la usajili likifunguliwa, ubishi wa soka katika mitaa ya Buyenzi, Bwiza na Nyakabiga huwahusu wanaoingia: mshambuliaji gani ameletwa kutoka Kongo, kipa gani ameachwa na klabu ya Kigali, mfadhili ametoa kiasi gani. Ubishi huo ni mtamu, lakini kibiashara umelalia upande usio na pesa. Ligi ya Burundi si mnunuzi wa wachezaji, ni muuzaji, na imekuwa hivyo tangu Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura, alipopita Yanga ya Dar es Salaam miaka ya 1990 akielekea Ulaya. Shabiki anayetaka kujua hali halisi ya klabu yake angejifunza mengi zaidi kwa kuuliza walioondoka waliondoka kwa karatasi gani, na ni senti ngapi zilizorudi.

Chukua Vital'O ya Bujumbura. Mwaka 2013 ilitwaa Kombe la Kagame nchini Sudan kwa kuifunga APR ya Rwanda mabao 2-0 katika fainali. Mfungaji wake mkuu, Amissi Tambwe, hakurudi kuitetea jezi ya zambarau: Simba ya Dar es Salaam ilimchukua pamoja na beki Gilbert Kaze, na msimu huohuo akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa mabao 19. Akiwa Yanga, alirudia msimu wa 2015/16 kwa mabao 21. Didier Kavumbagu alikuwa ameshatangulia Jangwani kwa Yanga mwaka 2012, na Laudit Mavugo akatua Msimbazi kwa Simba mwaka 2016. Ilipofika Agosti 2024, Vital'O, bingwa mpya wa Burundi, ilikutana na Yanga katika raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikafungwa 4-0 na kisha 6-0. Mechi zote mbili zilichezwa Dar es Salaam, hata ile iliyoandikwa kuwa ya nyumbani, kwa kuwa Burundi haikuwa na uwanja uliopitishwa na CAF. Wengi walilaumu usajili. Mimi nadhani mabao yale kumi yalikuwa hesabu ya miaka mingi ya kutoa vipaji bila kupata mtaji wa kuziba nafasi zao.

Pengo la mapato kati yetu na Tanzania ni kubwa mno kuzibwa kwa kununua. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho la Tanzania haki za matangazo ya ligi kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ligi ya Burundi imetegemea zaidi jina la bia ya Primus ya kampuni ya Brarudi, viingilio vya mlangoni na mifuko ya watu binafsi. Kisha kuna dola. Mei 2023 benki kuu iliishusha faranga kutoka takriban 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja, na miaka iliyofuata dola ya mtaani ilipanda hadi zaidi ya maradufu ya bei rasmi. Mchezaji wa kigeni hutaka mshahara wa dola. Mdhamini wa ndani hulipa faranga. Klabu inayosajili wageni kwa mapato ya namna hiyo inajifunga deni linalokua hata kama mchezaji hajapandishiwa mshahara. Klabu inayouza nje hukaa upande wa pili wa mzani huohuo, na hata ikibadilishiwa dola kwa bei rasmi, angalau ina cha kubadilisha.

Cha kuuza, sheria za FIFA zinakitambua kwa namna mbili ambazo mashabiki wetu hawazitaji kamwe. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo: kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi kabla ya kwisha mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23, klabu mpya hulipa waliomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 21. Kwa Afrika, kiwango cha klabu ambayo FIFA inaiweka daraja la tatu la gharama za malezi (si daraja la ligi) ni dola 10,000 kwa kila msimu wa malezi, na misimu ya umri wa 12 hadi 15 huhesabiwa kwa kiwango cha daraja la nne, dola 2,000. Basi kijana aliyelelewa klabu moja ya Bujumbura tangu miaka 12 hadi 19, kisha akasajiliwa na klabu ya daraja la tatu, ana dola 8,000 za utotoni na 40,000 za ujana: jumla 48,000. Hiyo inakaribia dola 50,000 ambazo CAF ilianza kuzipa klabu za raundi za awali msimu wa 2023/24. Yaani kijana mmoja aliyeandikwa vizuri alikuwa karibu sawa na safari nzima ya Ligi ya Mabingwa msimu huo, bila tiketi ya ndege. (Klabu ya daraja la nne hailipi fidia hii, kwa hiyo si kila mnunuzi ana faida.)

Ya pili ni mchango wa mshikamano, asilimia 5 ya kila ada ya uhamisho wa kimataifa, inayogawanywa kwa waliomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa 12 hadi 15 huleta asilimia 0.25 ya ada, kila msimu wa baadaye 0.5. Nonda aliponunuliwa na Monaco mwaka 2000, dau lililotajwa lilikuwa sawa na takriban euro milioni 20. Misimu minne ya utotoni tu ingekuwa euro 200,000. Kwa bahati mbaya kanuni hiyo ilianza 2001. Saido Berahino, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1993, alihamia Stoke City mwaka 2017 kwa dau lililoripotiwa kuwa pauni milioni 12, na hapa hata kanuni isingesaidia: uhamisho ulikuwa wa ndani ya Uingereza, na hata ungekuwa wa kimataifa, alifika huko akiwa mkimbizi wa miaka 10, miwili kabla saa ya FIFA haijaanza kuhesabu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kudai fedha hizi utalisikia kila kona: usimzibie kijana riziki. Ni hoja ya utu, na mtu aliyeona wazazi wakisubiri mshahara wa mtoto Dar es Salaam hawezi kuibeza. Ila inachanganya mambo mawili. Fidia ya mafunzo hudaiwa kwa klabu inayompokea, hata kama kijana hakuwa na mkataba au ule aliokuwa nao umekwisha. Anaondoka huru, na waliomfundisha wanalipwa. Ni kweli kwamba klabu ndogo za ng'ambo zinaweza kumkwepa kijana mwenye gharama, na hatari hiyo ipo. Lakini mlezi ana ruhusa ya kusamehe sehemu ya deni akitaka, na mwenye kusamehe lazima kwanza ajue anadai nini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mfadhili anatosha. Tangu Vital'O ilipochukua ubingwa wa 2016 hadi ilipourudisha 2024, kombe lilizunguka mikononi mwa timu kama Le Messager ya Ngozi, Aigle Noir ya Makamba, Flambeau du Centre na Bumamuru, na mashabiki wa mji mkuu wa zamani walihitimisha kwamba mikoani kuna watu wenye uwezo kuliko kwetu. Aigle Noir ilianzishwa na Révérien Ndikuriyo, aliyekuwa pia rais wa Seneti na wa shirikisho la soka. Sibishi kwamba mfadhili huleta makombe. Nabisha kwamba huleta mtaji. Fedha yake ni zawadi, hufuata mapenzi na mizunguko ya siasa, na akiondoka huacha mishahara ya dola na jina tu. Tena mfumo wa malipo wa FIFA, ulioanza kufanya kazi Novemba 2022, haupeleki fedha kwa mtu; huzipeleka kwa klabu iliyopita ukaguzi, yenye akaunti yake ya benki na wamiliki wanaojulikana kwa majina. Klabu ambayo mahesabu yake yote yamo kichwani mwa mheshimiwa mmoja itaona ada ikipita juu yake.

Mfumo huo pia umegeuza kazi ya kudai. Zamani klabu ililazimika kufuatilia uhamisho yenyewe na kufungua madai kabla ya miaka miwili kupita, jambo lililohitaji wakili na mtu wa kusoma magazeti ya nje. Sasa uhamisho ukisajiliwa, pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji hukusanya historia yake kutoka kwenye kumbukumbu za mashirikisho na kugawa hesabu. Kazi imerudi kwa katibu wa klabu: cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, msimu kwa msimu. Mtoto wa miaka 12 anayecheza leo Kinama au Kamenge akiingizwa kwenye mfumo msimu huu, anaanza kuhesabiwa. Akiingizwa akiwa na miaka 17 kwa sababu ndipo alipoanza kufunga mabao, misimu mitano ya nyuma itabidi itetewe kwa vielelezo, na kwa klabu nyingi kielelezo pekee ni kumbukumbu ya kocha.