Kifurushi cha Programu: Maswali Yajibiwe Mara Moja

Ukisakinisha programu kwenye kompyuta yako, inakuuliza maswali: lugha gani, folda ipi, unakubali masharti? Ofisini penye kompyuta 200, fundi wa TEHAMA akizunguka meza kwa meza kuyajibu, kesho utakuta hakuna kompyuta mbili zinazofanana. Kuandaa kifurushi ni kuyajibu maswali hayo mapema, tena kwa maandishi.

Tuchukue Microsoft Office. Microsoft hutoa bure zana iitwayo Office Deployment Tool, yenye setup.exe pamoja na faili la XML ambalo fundi hulihariri. Humo huandika kama anataka biti 32 au 64, lugha, programu za kuachwa, mathalani Access kwa wasioihitaji, na kwamba kazi ifanyike kimyakimya bila kumsumbua mtumiaji. Amri ya /download hupakua mafaili hadi kwenye seva ya ofisi. Amri ya /configure husakinisha kutoka hapo. Mzigo wa gigabaiti kadhaa hupita kwenye intaneti mara moja tu, na ofisi inayonunua bando itaiona tofauti hiyo kwenye bili.

Programu nyingine nyingi za Windows huja kama faili la MSI, linaloendeshwa kwa msiexec: /i husakinisha, /qn huzuia madirisha, /l*v huandika kila hatua kwenye faili la kumbukumbu. Marekebisho ya ofisi huwekwa katika faili la pembeni la MST, ili la mtengenezaji lisiguswe.

Matatizo mengi huanzia kwenye majaribio. Fundi hujaribu kifurushi akiwa ameingia kwa jina lake, kikakubali. Lakini mifumo ya kusambaza programu, kama Configuration Manager na Intune, mara nyingi husakinisha kwa SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe isiyo ya mtu yeyote. Akaunti hiyo haioni diski ya mtandao ambayo mtumiaji ameiunganisha kwa herufi Z, na mipangilio inayoandikwa kwenye HKEY_CURRENT_USER, sehemu ya rejista ya Windows ya mtumiaji aliyeingia, huishia kwake badala ya kumfikia mfanyakazi. Dirisha moja la swali likijitokeza, hakuna wa kulibonyeza, na kazi husimama hadi muda wake uishe.

Mwishoni, kisakinishi hurudisha namba. 0 ni kwamba kazi imekamilika. 1603 ni kwamba imeshindikana, na hapo ndipo faili la kumbukumbu linapohitajika. 3010 huwababaisha wengi, ingawa si kosa: programu imeingia, kompyuta inasubiri kuwashwa upya.

Kwa hiyo jaribu kwenye kompyuta safi, kwa akaunti ya SYSTEM. Sakinisha, kisha ifungue programu kama mtumiaji wa kawaida, halafu iondoe. Ukiridhika, peleka kwa idara moja kabla ya ofisi nzima. Na hatua ya kuondoa usiiruke: siku toleo lenye hitilafu ya kiusalama litakapotakiwa kutoka kwenye kompyuta zote 200, amri hiyo iwe tayari imeandikwa na kujaribiwa.