Okidi Nyumbani: Zinavyotunzwa, na Kama Zinaliwa

Mgeni anayekula katika hoteli za ufuo wa Diani huenda akakuta ua la zambarau limewekwa pembeni mwa sahani yake. Mara nyingine ua hilo huwa ni okidi. Kuna wanaolitafuna na kuna wanaolisukuma kando. Mkazi wa Kwale aliyenunua okidi kwenye chungu akaiweka barazani naye hujiuliza: kama hotelini linaliwa, hili langu je?

Jibu ni kwamba zipo okidi zinazoliwa, lakini ile iliyonunuliwa kama pambo isiliwe, na ile ya msituni isiguswe.

Okidi ya pambo inayouzwa zaidi, Phalaenopsis, ile yenye maua mapana kama mabawa ya nondo, haihesabiwi miongoni mwa mimea yenye sumu. Hatari yake ni dawa. Maua ya pambo hukuzwa kwa ajili ya macho, hivyo mkulima hupuliza dawa za wadudu na za ukungu bila kufikiria tumbo la mtu. Baadhi ya dawa hizo hunyonywa na mmea na kukaa ndani ya majani na maua, kwa hiyo kuosha kwa maji au hata kwa chumvi hakusaidii. Maua ya Dendrobium yanayopambia chakula, kama ilivyo kawaida kule Thailand, yanapaswa kuwa yamekuzwa kwa nia ya kuliwa. Nyumbani kwenye watoto wadogo, chungu kiwekwe mahali wasipofikia.

Kuna pia okidi ambazo huliwa mizizi. Nchini Zambia, viazi vidogo vya okidi za ardhini hukaushwa, vikatwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga na pilipili, hadi vikawa kitu kigumu kinachokatwa vipande kama keki. Chakula hicho huitwa chikanda. Walaji ni wengi, na mchimbaji akishang'oa kiazi, mmea wote umekufa. Okidi zilipopungua Zambia, wafanyabiashara walivuka mpaka hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na zikaanza kuchimbwa huko pia. Uwanda wa Kitulo, unaosifika kwa okidi zake, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Kwale ina utajiri wake. Katika misitu ya Shimba Hills na kwingineko Pwani humea okidi chui, Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoadoa ya kahawia. Hukaa juu ya matawi, na mizizi yake husimama kuelekea juu kama kikapu cha kudakia majani yanayoanguka, ambayo huoza na kuwa mbolea yake. Wengi hudhani inaunyonya mti. Haiunyonyi, mti ni mahali pa kukaa tu.

Kuing'oa na kuileta nyumbani ni kosa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuondoa mimea katika misitu ya umma bila kibali, na ndani ya hifadhi ya wanyama inatumika Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Misitu ya kaya, kama Kaya Kinondo, ina ulinzi wa wazee na wa Makumbusho ya Taifa pia. Isitoshe, familia nzima ya okidi imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hivyo huwezi kuivusha mpaka bila hati. Kando ya sheria kuna jambo la kawaida tu: okidi kubwa iliyobanduliwa mtini mara nyingi hufa, maana mizizi yake imeshavunjika. Afadhali kununua mche uliokuzwa kitaluni.

Mche huo ukifika nyumbani, kosa la kwanza la wengi ni kuupanda kwenye udongo. Okidi nyingi za nyumbani ni za juu ya miti. Mizizi yao hutaka hewa, na udongo huiozesha. Pwani vifaa havikosekani. Chukua makumbi ya nazi, yakate vipande vya ukubwa wa kiberiti, yaloweke siku kadhaa huku ukibadilisha maji ili chumvi itoke, kisha yachanganye na vipande vya makaa. Chungu kiwe na matundu mengi. Kifuu kikubwa cha nazi kilichotobolewa kinatosha kwa mche mdogo.

Maji hutolewa asubuhi. Tazama mizizi: ikiwa ya kijani, imeshiba, ikigeuka kijivu cha fedha, ina kiu. Maji yakituama katikati ya majani ya Phalaenopsis, yafute kwa kitambaa, kwa kuwa hapo ndipo kuoza huanzia. Mmea uwekwe kwenye mwanga usio na jua kali, kama baraza linalotazama mashariki au chini ya mwembe. Majani ya kijani iliyokolea sana yanaonyesha kivuli kimezidi. Yakiwa manjano au mekundu, jua limezidi. Wadudu weupe kama pamba wapanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Na maua yakidondoka usiutupe mmea. Haujafa, unapumzika.

Anayetaka okidi ya kula apande vanila, ambayo wengine huiita lavani. Nayo ni okidi, yenye asili ya Mexico, na hupenda joto na unyevu. Ni mmea unaotambaa. Kipande cha urefu wa mita moja hivi hupandwa chini ya mti wa kuegemea kama glirisidia, wenye kivuli cha nusu, na shina lake hufunikwa kwa majani makavu. Kwa kawaida huanza kutoa maua baada ya miaka mitatu hivi. Kila ua hufunguka asubuhi moja tu, na wadudu wa kulichavusha kwao Mexico hawako huku, kwa hiyo mtu huinua utando mdogo ndani ya ua kwa kijiti na kuusukuma chavua mahali pake kwa kidole. Mbinu hiyo ilivumbuliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mvulana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion.

Ganda hukomaa baada ya miezi tisa hivi, na likiwa bichi halina harufu yoyote. Harufu hutokea baada ya kuchovywa kwenye maji ya moto, kufunikwa litoe jasho na kukaushwa taratibu kwa wiki nyingi. Utomvu wa mmea huu huwasha ngozi, hivyo vaa glavu unapokata vipande.

Vipande vya kupandia visiletwe kwa siri kutoka Uganda au Tanzania. Huhitaji kibali cha KEPHIS kabla ya kusafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi vinakotoka. Kwa ushauri kuhusu udongo na kivuli cha shamba lako, muone afisa wa kilimo wa wadi.