Kompyuta inaganda ukifungua picha? Usikimbilie kununua nyingine

NYANYA ameaga, mazishi ni Jumamosi, na wewe ndiwe “yule wa kompyuta” katika familia. Kazi uliyopewa ni moja: uchague picha za kuweka kwenye kitabu cha ratiba ya mazishi, uzifikishe saiba kesho kabla ya saa nne asubuhi. Shangazi ameleta flashi. Binamu aliye Mombasa ametuma zake kwa WhatsApp. Ukijumlisha, picha zinapita 900.

Unabofya ya kwanza, kiduara kinazunguka tu. Unabofya ya pili, mashine inaganda. Inafika saa sita usiku na hujamaliza hata picha 40. Hapo ndipo wengi wetu husema: “Hii kitu imezeeka, wacha nitafute ganji ninunue ingine.”

Ngoja kwanza. Huenda shida si kompyuta, ni programu unayofungulia hizo picha.

Hebu tupige hesabu. Picha ya megapikseli 12 inaweza kuwa faili ya megabaiti 4 tu kwenye diski, kwa sababu imebanwa. Ili uione kwenye skrini, lazima ikunjuliwe. Ina nukta milioni 12, na kila nukta huhitaji angalau baiti 3 za rangi. Hizo ni megabaiti 36 za RAM kwa picha moja pekee.

Mzigo huo hauepukiki. Lakini kuna programu ambazo hazitosheki kukuonyesha picha. Zinapanga albamu, zinatambua sura za watu, zinawasiliana na hifadhi ya mtandaoni, yote kwa wakati mmoja. Kwa kompyuta ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani, hiyo ni sawa na kupakia boda abiria watatu na kitanda juu.

Dawa ni programu nyepesi, ambayo kazi yake kubwa ni kufungua picha na kupita kwa inayofuata. Kwa Windows, mkongwe ni IrfanView, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia anayeishi Austria. Faili ya kuisakinisha ni megabaiti chache tu, kwa hivyo haitamaliza bando yako. Unapita picha kwa vitufe vya mishale na kujaza skrini kwa kubonyeza Enter. Sura yake ni ya kizamani, lakini hapa hatutafuti urembo.

Ikiwa kazi ni kuchagua, jaribu FastStone Image Viewer. Inaweka hadi picha nne pamoja kwenye skrini, ukaona ni ipi nyanya amefumba macho na ni ipi anatabasamu. Wanaopenda programu huria wana ImageGlass ya Windows, na nomacs ambayo hufanya kazi hata kwenye Linux.

Zote nne ni bure kwa matumizi ya nyumbani, lakini soma masharti. IrfanView na FastStone zinataka leseni ya kulipia ukizitumia kibiashara. Kama una studio au saiba, hilo linakuhusu.

Utajuaje ipi inakufaa? Usiamini sifa za mtu mwingine, hata zangu. Chukua folda yako nzito zaidi, ifungue kwa kila programu, upite picha 50 mfululizo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone kila moja inakula RAM kiasi gani. Inayokwenda bila kukwama ndiyo yako.

Jaribu pia aina za faili ulizo nazo. Tangu 2017, iPhone nyingi huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, na picha nyingi za mtandaoni siku hizi ni WebP. Baadhi ya programu hutaka viongezo ndipo zifungue miundo hiyo. Ukikwama, usikimbilie tovuti yoyote inayojitolea kukubadilishia faili, hasa kama ni picha ya kitambulisho au ya familia. Ukishaipakia huko, hujui itaishia wapi.

Jambo jingine: pakua programu kutoka tovuti ya waundaji wenyewe. Ile ya kupitishwa kwa flashi mtaani, au ya tovuti yenye vitufe vitano vya “pakua”, inaweza kukuletea virusi. Hapo hata programu iwe nyepesi vipi, mashine itakuwa nzito kuliko mwanzo.

Na sasa lile la muhimu kuliko yote. Kabla ya kuanza kuchuja, nakili picha zote kutoka kwa flashi hadi kwenye kompyuta, kisha ufanyie kazi nakala. Programu nyepesi hufuta kwa kubonyeza kitufe kimoja, na mkono uliochoka huteleza. Kwenye Windows, faili iliyofutwa kwenye diski ya kompyuta kwa kawaida huenda kwenye pipa la taka na unaweza kuirudisha. Iliyofutwa moja kwa moja kwenye flashi haipitii huko. Noma ni kwamba hiyo inaweza kuwa picha ya pekee ya nyanya akiwa msichana, na hakuna duka linalouza ingine.

Vilevile, ukikata au kurekebisha picha ya JPEG, ihifadhi kwa jina jipya. Kila ukiihifadhi upya juu ya ile ya zamani, ubora wake hupungua kidogo.

Kompyuta mpya inaweza kungoja mwisho wa mwezi. Kwa leo, sakinisha programu moja nyepesi, nakili flashi ya shangazi, uanze kuchagua. Saa nne asubuhi si mbali.