Kabla ya Majivu: Kwaresima ya Thika na Ruiru

Sisi watu wa pwani twaujua vyema mwezi wa Shaabani. Ni mwezi wa kujitengeneza. Madeni hulipwa, waliogombana hutafutana wakaombana radhi, na siku ya mwisho watu huvunja jungu. Ramadhani ikiandama humkuta mtu yu tayari. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wajuao kuwa jirani zetu Wakatoliki nao wana matayarisho yao kabla ya kuingia katika mfungo wao wa Kwaresima?

Mwaka 2025 mifungo hiyo miwili ilikutana. Ramadhani iliandama mwanzo wa Machi, na Kwaresima ikaanza tarehe 5 ya mwezi huo huo. Siku za mwisho za Shaabani zilinikuta Ruiru kwa mpwa wangu, ambaye hupanga chumba hapo na kufanya kazi kiwandani Thika. Basi nikapata nafasi ya kutazama na kuuliza.

Neno Kwaresima asili yake ni Kilatini, na maana yake ni ya arubaini. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Pasaka ni siku 46. Jumapili sita hazihesabiwi, zikabaki siku 40. Pasaka yenyewe hufuata mwezi: ni Jumapili ifuatayo mwezi mpevu wa kwanza wa tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hivyo wao pia hufuata mwezi, ila wao huuhesabu, hawaungoji kuuona.

Mfungo wao si kama wetu. Hakuna daku wala adhana ya magharibi. Kwa sheria ya kanisa lao ya mwaka 1983, siku za kufunga kwa lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na ni juu ya aliyetimiza miaka 18 mpaka aingie mwaka wa 60. Siku hizo hula mlo mmoja kamili, na vitafunio viwili vidogo. Ijumaa zote za Kwaresima huacha nyama, na wengi huifuata Njia ya Msalaba yenye vituo 14. Majivu wapakwayo kwenye paji la uso ni ya matawi ya mwaka uliopita, waliyoyabeba Jumapili ya Matawi wakayahifadhi majumbani, kisha wakayarudisha kanisani yachomwe.

Mpwani asidhani kuwa haya ni mambo ya bara tu yasiyomhusu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, wakajenga Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1899 wakafungua misheni ya Mtakatifu Austin huko Nairobi. Ukatoliki wa nchi ya Kiambu ulipita mlangoni petu kabla ya kupanda juu, na hata leo sala zake nyingi husaliwa kwa Kiswahili.

Sasa tuitazame miji yenyewe. Thika ni mji wa viwanda na mananasi, na Ruiru ulizungukwa na mashamba ya kahawa. Mashamba hayo mengi yamegeuka kuwa majumba ya ghorofa. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliikuta Ruiru na watu 238,000 hivi. Ile ya mwaka 2019 ikaikuta na watu kama 490,000. Yaani mji umezidi maradufu kwa miaka 10! Watu hawa wametoka kila pembe ya Kenya. Mtu hukaa ghorofa ya nne asimjue akaaye ya tatu, ila husikia mlango wake ukifungwa alfajiri aendapo kupanda matatu.

Katika mji wa namna hiyo, nani atamwambia mwenziwe, nisamehe, kesho twafunga? Hapo ndipo penye kazi ya kile waitacho jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi mwaka 1976 wakakaza azimio la kulijenga kanisa juu ya jumuiya hizo. Watu wa ploti moja au kichochoro kimoja hukutana kila juma katika nyumba ya mmoja wao, leo kwako, kesho kwangu, wakasoma Injili. Inapokuja Kwaresima, maaskofu wa Kenya hutoa kijitabu cha kampeni chenye mada ya kila juma: ufisadi, ardhi, vijana wasio na kazi, na mengineyo. Wanajumuiya huyatazama mambo yalivyo, wakayapima kwa maandiko yao, kisha wakaamua watende nini. Na sadaka hukusanywa kwa ajili ya wahitaji.

Jumuiya ya kichochoro cha mpwa wangu ilikutana katika chumba cha pili yake. Nilikaribishwa chai nikaketi kando. Kumbe kulikuwa na akina mama wawili waliokuwa hawasemezani tangu Disemba kwa sababu ya zamu ya maji ya tangi. Mzee wa jumuiya, aliyestaafu kazi ya kiwanda, hakuhutubu. Aliwauliza tu kama watakwenda kupakwa majivu wakiwa wamepangana foleni moja na hawaamkiani. Chumba kilinyamaza muda mrefu. Hatimaye yule mdogo kwa umri akainuka, akamwamkia mwenziwe kwa heshima, na maji yakapangiwa zamu mpya pale pale.

Itikadi yao juu ya Nabii Isa si yetu, na hilo halifichiki. Lakini katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa saumu waliandikiwa pia umati waliotutangulia. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim twafundishwa kuwa kila Jumatatu na Alhamisi waja husamehewa, isipokuwa wawili wenye uadui baina yao. Hao hucheleweshwa mpaka wapatane.

Ndugu msomaji, zamani mtaa wenyewe ulitufanyia kazi hii. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, harufu ya futari ilikuambia nani amepika na nani hakupika, na mtoto alitumwa na sahani kabla hajaulizwa mtu. Leo nasi twahamia magorofani Bamburi na Nyali, na watoto wetu wako Ruiru, Nairobi, hata Ughaibuni. Vichochoro vimebaki nyuma. Ikiwa watu wa Thika na Ruiru, waliokutana juzi tu, wameweza kujijengea mtaa ndani ya chumba kimoja cha kupanga, sisi tuliorithi mitaa iliyokwisha jengwa tuna udhuru gani? Shaabani ijayo, kabla hujavunja jungu, bisha mlango wa jirani. Ukiwa hujui jina lake, anza na hilo.