Bima kwa Mwanachama Ajengaye Mwenyewe



Wengi wenu hujenga kwa mkopo wa chama bila mkandarasi: mwenye nyumba hununua saruji na mabati mwenyewe, na mafundi huwalipa kwa siku. Yafaa ieleweke kwamba hasara ambazo zingemwangukia mkandarasi, hapo humwangukia yeye.

Bima ya kawaida ya nyumba hukusudiwa nyumba iliyokwisha kukamilika. Anayejenga huhitaji kinga ya namna tatu: kwanza, jengo na vifaa vilivyoko kiwanjani, dhidi ya moto, dhoruba na wizi, pili, madhara yampatayo jirani au mpita njia, tatu, fidia ya fundi aumiaye kazini.

Thamani isipunguzwe kwa kuokoa ada. Jengo la shilingi 40,000,000 likikatiwa bima ya shilingi 20,000,000, kisha likapata hasara ya shilingi 6,000,000, kwa kawaida kampuni hulipa shilingi 3,000,000 tu, kwa kuwa nusu ya thamani haikukingwa.

Nyumba ikianguka, deni la chama halianguki nayo. Basi hati ya bima isomwe yote na kutiwa sahihi kabla msingi haujachimbwa.