Usiulize Bei ya Kikao Peke Yake

Mara ya kwanza mimi na mume wangu kwenda kwa mwanasaikolojia hapa Nairobi, miadi ilikuwa saa kumi na moja jioni. Foleni ya magari ya Mombasa Road ikatushika, tukaingia saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, mama yule alifunga daftari lake taratibu akatuuliza tungependa kurudi lini. Tulilipa ada kamili, shilingi 5,000, kwa nusu ya kikao. Nilinung'unika njia nzima. Lakini saa ile ilikuwa imetengwa kwa ajili yetu, na kabla ya kwenda hatukuwa tumeuliza chochote isipokuwa bei.

Bei ya kikao kimoja haikwambii utatumia kiasi gani. Nairobi, mshauri nasaha wa kujitegemea mara nyingi hutoza kuanzia shilingi 2,000 au 3,000, na mwanasaikolojia aliyesomea tiba hufika 5,000 na kuendelea. Sasa piga hesabu yote. Tiba ya kubadili fikra na tabia, inayotumika sana kwa sonona na wasiwasi uliopindukia, kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 20. Kwa 5,000, vikao 12 ni shilingi 60,000. Wanandoa wengi hupewa dakika 80 au 90, maana dakika 50 za kikao cha kawaida humalizika kabla mmoja hajamaliza kujieleza. Mtaalamu akiwatoza 7,500 kwa kikao, vikao hivyo 12 vinafika 90,000, bado nauli na mtu wa kukaa na watoto. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu liwe hili: kwa tatizo kama langu, huwa unakaa na mtu vikao vingapi, na tutapima lini kama kuna nafuu? Mtaalamu mzuri hatakuahidi tarehe ya kupona, ila atakuwa na jibu.

Swali la pili ni yeye ni nani. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia hupima na kutibu kwa mazungumzo. Mshauri nasaha husaidia mtu kupita katika msiba, talaka, au migogoro ya nyumbani. Ndugu yako akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au asipolala siku nne mfululizo, mshauri wa 2,000 ni ghali, kwa sababu mtapoteza wiki ambazo angekuwa amekwisha kuonwa na daktari. Vilevile wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa hawana haja ya kumlipa mwanasaikolojia pesa nyingi ikiwa kanisa lao lina mafunzo ya ndoa. Sheria ya Kenya ya 2014 ndiyo iliyounda Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, ambayo huwasajili. Omba kuona usajili wa mtu kabla ya kumtumia pesa. Asiyetaka kuuonyesha, muache.

Kwa ugonjwa wenyewe, hospitali ya umma ndiyo nafuu kubwa kuliko zote. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910, si mahali pa kuonea haya. Utakaa kwenye benchi muda mrefu, na mara nyingine utaonwa na mtu mwingine kila unaporudi. Mgonjwa wa sonona anaweza kuvumilia hilo. Wanandoa hawawezi, kwa sababu kusimulia upya ugomvi uleule mbele ya mgeni mpya hutonesha kidonda.

Bima nayo isomwe kwa makini. Nyingi hudai jina la ugonjwa na kibali cha mapema, na kwa kuwa ndoa yenye matatizo si ugonjwa, ushauri wa wanandoa mara nyingi haulipiwi. Ukiajiriwa, ulizia kama mwajiri hugharamia vikao vichache vya siri. Watu wengi wana haki hiyo na hawaijui.

Usidhani cha bei ndogo ni dhaifu. Dagoretti, hapa hapa Nairobi, wahudumu wa afya wa mitaani waliofundishwa mbinu ya Shirika la Afya Duniani waliwahudumia wanawake, wengi wao waliopitia ukatili, kwa vikao vitano tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wanawake hao walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Wazee wa ukoo, somo, na ofisi ya Kadhi kwa Waislamu nao hupatanisha watu bila ada ya kikao. Ila mzee wa ukoo ana upande wake, na maneno yako utayakuta kwenye arusi ijayo. Kwa mtaalamu, unachonunua hasa ni mtu asiyekuwa wa upande wowote na asiyesema nje.

Na pale penye kipigo, msiende pamoja. Anayepigwa hawezi kusema kweli mbele ya anayempiga, kwani hesabu atailipa wakifika nyumbani. Nenda peke yako, au piga 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia; ni bure.

Ushauri wangu kwa wanandoa wenye kipato cha kawaida: badala ya kuanza na vikao vya kila wiki kisha kukatiza pesa zikiisha, lipieni vikao vinne virefu vya kila wiki mbili kwa mtu mmoja mwenye usajili, na kila kimoja kifuatiwe na kazi ya kufanya nyumbani. Baada ya cha nne, muulizeni waziwazi kama mnasonga mbele. Sisi tulifanya hivyo, tukamaliza kwa vikao tisa, na tangu ile siku ya kwanza hatukuchelewa tena.